Kambi ya Baridi ya Mmea Ulao Wadudu

Mwezi wa Novemba uingiapo katika nchi za Ulaya ya Kaskazini, vyungu vingi vya maua hutupwa jalalani vikiwa na uhai ndani yake. Mwenye nyumba huchungulia dirishani asubuhi na kuuona mmea alioutunza tangu Aprili umegeuka mweusi. Majani yamelala juu ya udongo kama vitambaa vilivyounguzwa na pasi, na ule umande uliokuwa uking'ara kwenye ncha zake zote umetoweka. Huguna, akasema baridi imeuua, kisha akaumwaga pamoja na maganda ya viazi. Kumbe mmea haukufa. Ulikuwa umekwisha kujenga kambi yake ya baridi na kuingia ndani, na mwezi wa Machi ungalitoka kama ungaliachwa.

Mmea wenyewe huitwa drosera. Jina hili limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya umande, na Waingereza nao huuita umande wa jua, kwa sababu matone yake hayakauki hata jua la mchana linapowaka, wakati umande wa mimea mingine umekwisha kunywewa zamani. Ziko aina 200 na zaidi duniani, lakini ile ijulikanayo sana Ulaya ni ya majani ya mviringo, ambayo huota pia Asia ya Kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Ni kijimea kidogo mno. Jani lake ni sawa na kifungo cha shati, na mmea mzima waweza kukaa juu ya kisahani cha kikombe cha chai. Askari aliyekua akisikia hadithi za miti ya msituni imezayo watu, akionyeshwa drosera kwa mara ya kwanza, hana budi kucheka.

Mdudu hana nafasi ya kucheka. Juu ya kila jani zimesimama nywele nyekundu, na kwenye ncha ya kila unywele pana tone la utelezi unatao kama ulimbo. Usubi au mbu akitua, miguu hunasa. Akipapatika ndipo anapozidi kunaswa. Kisha nywele za kando huanza kujikunja polepole kuelekea katikati zikimfunika, na jani humwaga maji makali yafananayo na yale ya tumboni mwa mnyama. Baada ya siku chache jani hufunguka tena, na kilichosalia ni gamba kavu lipeperushwalo na upepo. Haya yote hayafanywi kwa ulafi. Drosera huota katika vinamasi vya maji machachu, ambamo naitrojeni ni haba, nayo naitrojeni ndicho kile chakula ambacho mkulima hukitafuta katika samadi ya ng'ombe. Ugali wake drosera hujipikia wenyewe kwa mwanga wa jua, kama yafanyavyo mahindi na mihogo. Mdudu ni kitoweo tu.

Mtu aliyeufanya mmea huu ujulikane kwa wataalamu wa dunia nzima ni Mwingereza Charles Darwin. Mwaka 1859 alikuwa ametoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe, kitabu kilichozusha magomvi makubwa kati ya wasomi na viongozi wa dini. Mwezi wa Julai 1860, hali yeye mwenyewe akiwa dhaifu wa afya, alikwenda kupumzika kwa jamaa za mkewe huko Hartfield, katika jimbo la Sussex. Huko aliona jinsi wadudu walivyonaswa kwa wingi juu ya majani ya drosera, akachukua mimea michache ili aitazame vizuri.

Mwaka ule ulikuwa mbaya kwa nyumba ya Darwin. Binti yake Henrietta, ambaye jamaa zake walimwita Etty, alikuwa mgonjwa sana, na wazazi wake walikuwa wamekwisha kumzika binti mwingine, Annie, mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 10 tu. Mzazi aliyekwisha kufiwa na mtoto hasikii kikohozi cha mtoto mwingine kama wasikiavyo watu wengine. Majira ya kupukutika majani yalipofika, familia ilihamia Eastbourne, mji wa pwani, kwa ajili ya mgonjwa. Na huko baba, kati ya kitanda cha mwanawe na sahani za drosera, aliendelea na majaribio yake siku baada ya siku. Alimwandikia rafiki yake Charles Lyell kwamba wakati huo drosera ilimshughulisha kuliko asili ya viumbe vyote vya ulimwengu. Mkewe, Bibi Emma, aliandika kwa mzaha kwamba mumewe anautendea mmea ule kama kiumbe mwenye roho, na kwamba pengine anatumaini kuthibitisha mwishoni kuwa ni mnyama. Wako watakaosema kuwa ni ajabu mtu kushughulika na majani mtoto wake akiwa hatarini. Lakini kila aliyewahi kulinda mgonjwa ajua kwamba mikono inahitaji kazi, na kwamba afadhali kazi inayodai macho na utulivu kuliko kutembea huku na huko chumbani. Etty alipona, akaishi hadi mwaka 1927.

Kitabu cha Darwin juu ya mimea ilayo wadudu kilitoka mwaka 1875. Humo ameeleza kwamba alihesabu nywele za majani 31, akapata wastani wa nywele 192 kwa jani moja. Jani lililozidi yote lilikuwa na 260, na lililopungua yote 130. Alilijaribu jani kwa nyama mbichi, kwa yai lililochemshwa, kwa maziwa, kwa vipande vya kioo na vya makaa. Aliweka kipande cha unywele wa binadamu kilichokuwa na uzito usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya miligramu, na unywele wa drosera ukajikunja. Lakini matone ya mvua, ambayo ni mazito kuliko kipande kile maelfu ya mara, yakiangukia jani hilo hilo halijigusi. Laiti lingejikunja kwa kila tone, mmea ungechoka bure katika nchi ambayo haipiti wiki bila mvua.

Basi kiumbe hiki, chenye hisi kali namna hii wakati wa kiangazi, huwa bubu kabisa wakati wa baridi. Siku zinapoanza kufupika, mnamo Septemba na Oktoba, majani mapya ya katikati hayafunguki tena. Hukaa yamejikunja, moja ndani ya jingine, yakabanana mpaka yakafanya tumba gumu la kijani, kubwa kadiri ya punje ya choroko au kuzidi kidogo, lililokaa sawasawa na uso wa udongo. Halina ulimbo. Majani ya zamani huwa meusi na kuoza. Mizizi nayo, ambayo tangu awali ni michache na mifupi, hufa sehemu kubwa, hata tumba likawa limelala tu juu ya udongo bila kushikwa na kitu chochote cha maana. Mvua kubwa yaweza kulibeba. Ndege wachakurao wakitafuta minyoo waweza kulitupa kando.

Wataalamu wa mimea huliita tumba hilo hibernakula, nalo ni neno la Kilatini ambalo Warumi wa kale walilitumia kwa vibanda vya askari vya majira ya baridi. Jeshi la Kirumi, kwa desturi yake ya zamani, halikupenda kupigana theluji inapoanguka. Lilirudi nyuma, likajenga vibanda, likalinda akiba yake ya nafaka, likangoja barabara zikauke na nyasi za farasi ziote. Aliyeitazama kambi ile kutoka mlimani asingaliona vumbi wala kusikia tarumbeta, na kama alikuwa mgeni wa mambo ya vita angaliweza kudhani kwamba jeshi limekwisha. Majirani wa Warumi waliokuwa na dhana hiyo walijuta mwezi wa Aprili.

Sasa yafaa kueleza jinsi kambi hii inavyolindwa na mtu aliye na chungu chake cha drosera huko Uingereza, Ujerumani, Poland au Kanada. Baridi ya Kabale humfanya mtu avae koti asubuhi na kulivua saa nne. Baridi inayosemwa hapa huyafanya maji ya ndoo kuwa jiwe, na nchini Kanada huyaacha hivyo kwa miezi. Kosa la kwanza la mtunzaji, nalo ni kosa la watu wema, ni kuuonea mmea huruma na kuuingiza sebuleni karibu na jiko. Joto la sebuleni ni kiasi cha digrii 20. Mwanga wa dirishani ni hafifu: mjini London, siku fupi ya Desemba haina hata saa 8 za jua, na jua lenyewe aghalabu limefunikwa na mawingu. Tumba likipata joto hudanganyika. Huanza kufunguka, likatoa majani membamba yaliyopauka, yasiyo na matone, yakijinyoosha kuelekea kioo. Kila jani la namna hiyo hulipwa kutoka katika akiba iliyowekwa tangu kiangazi, wala hakuna mapato yanayoingia. Ni mfano wa kikosi kinachoamshwa kila usiku kwa king'ora cha uongo: hakuna adui aliyefika, lakini baada ya mwezi mmoja hakuna mtu awezaye kusimama. Kufikia Februari mmea huwa umeoza kweli, na mwenye nyumba husema, alifanya kila awezalo kuupa joto, lakini baridi imeushinda.

Drosera ya majani ya mviringo haishindwi na baridi kwa urahisi. Kwao huota hata katika sehemu zilizo kaskazini sana, ambako kinamasi huganda na kufunikwa na theluji miezi mingi. Theluji yenyewe ni blanketi. Ndani yake imezuia hewa nyingi, na hewa iliyotulia haipitishi baridi upesi, kama wajuavyo wale walalao katika mahema yenye kitambaa mara mbili. Linaloumiza zaidi ni upepo mkavu juu ya udongo ulioganda bila theluji, maana unakausha tumba wakati ambapo hapana maji ya kunywa. Linaumiza zaidi chunguni kuliko ardhini, kwa kuwa chungu hupigwa na baridi pande zote, ilhali kinamasi hupigwa juu tu. Kwa hiyo watunzaji wenye busara hukifukia chungu ardhini mpaka mdomoni, mahali penye kivuli cha ukuta, wakakifunika kwa matawi ya msonobari au majani makavu, na kukiwekea wavu juu kwa sababu ya ndege. Asiye na shamba hata la hatua moja hukiweka katika banda la vioo lisilo na moto, au kwenye kizingiti cha dirisha la chumba kisichotumika, ambamo kipimajoto huonyesha kati ya digrii 0 na 5.

Maji nayo yana sheria zake. Wakati wa kiangazi chungu cha drosera husimama ndani ya sahani ya maji mchana na usiku. Wakati wa baridi maji hupunguzwa hata udongo ukabaki na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Ukikauka kabisa, tumba hufa. Ukiwa tope, huoza. Yatakiwa maji ya mvua, au maji yaliyokenekwa kama yale ya betri za magari. Maji ya bomba ya miji mingi ya Ulaya yana chokaa na chumvi, na mmea uliozoea maji maskini ya kinamasi hauwezi kuyavumilia muda mrefu. Mbolea hairuhusiwi hata chembe. Na udongo si udongo wa bustani, bali ni ule mwepesi wa kinamasi uliochanganywa na mchanga usio na chumvi, au kile kimea laini kama sifongo ambacho wataalamu hukiita sfagnamu.

Adui aliyebaki ni ukungu, ule uotao kama manyoya ya kijivu mahali pasipo na hewa. Hupenda kuanzia kwenye majani meusi yaliyooza, kisha ukaingia kambini kwa mlango huo. Mtunzaji huyaondoa majani hayo moja moja kwa kibano, bila kulitikisa tumba, na hukifunua chungu siku isiyo na jalidi ili hewa ipite. Hiyo ndiyo karibu kazi yote ya miezi minne. Watu wengi waliozoea kumwagilia, kupalilia na kutia mbolea huona vigumu kutofanya kitu, nao huchimbua tumba kwa kidole wapate kuona kama lingali hai. Lingali hai mpaka kidole kilipofika.

Iko njia nyingine, ambayo imeleta vicheko katika nyumba nyingi za ghorofa. Mtu akaaye orofa ya saba, mwenye nyumba yenye joto katika kila chumba, hana mahali pa baridi isipokuwa jokofu. Basi mwezi wa Novemba hulitoa tumba chunguni, akalisafisha, akalivingirisha katika sfagnamu yenye unyevu kidogo, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuliweka pale panapowekwa karoti na kabichi, kwenye digrii 1 hadi 4. Huko hakuna mwanga, wala mmea uliolala hauuhitaji. Kila baada ya wiki mbili au tatu hufungua mfuko kutazama kama ukungu umeingia. Jambo la lazima ni kuandika juu ya mfuko kwa herufi kubwa, kwa maana mke au mume asiyeambiwa, akikuta kitu cha kijani kimelowa ndani ya mfuko, hatakiwekea mazishi ya heshima.

Lakini si kila drosera yatakiwa kulazwa, na hapa ndipo watunzaji wengi, hata waliosoma, hujikwaa. Madirisha ya Ulaya yamejaa drosera za nchi za mbali. Ile iuzwayo zaidi imetoka jimbo la Rasi, Afrika ya Kusini. Majani yake ni marefu kama kanda za ngozi, nayo haina kambi ya baridi. Hiyo huendelea kula na kukua mwaka mzima, mradi ipate mwanga na joto la digrii chache juu ya barafu. Ikipigwa na jalidi, majani yote hulala na kuwa meusi. Lakini mara nyingi mizizi yake minene hupona na kuchipua miezi kadhaa baadaye, na kwa hiyo hii nayo hutupwa jalalani kabla ya wakati wake.

Kisha ziko drosera za Australia ya Magharibi. Kwao baridi ndiyo majira ya mvua na kiangazi ndicho kiuacho, kwani jua huikausha ardhi mpaka ikapasuka. Mimea hiyo hujificha wakati wa joto: majani hukauka, na uhai wote hushuka katika kiazi kidogo kilichozikwa chini ya mchanga, ukingoja mvua. Mtu akiwa na chungu cha Uingereza, cha Rasi na cha Australia juu ya dirisha moja mwezi wa Januari, mmoja umelala fofofo, wa pili umekesha, na wa tatu ndio kwanza umo katikati ya mavuno yake. Aliyemwagilia yote mitatu sawasawa kwa kupenda haki ataua miwili. Kabla ya kushika kopo la maji yafaa kwanza kuuliza mmea ulizaliwa wapi, kama vile mpishi wa bweni aulizavyo wageni wake wapya wamezoea chakula gani.

Afrika ya joto nayo ina drosera zake. Mojawapo hubeba jina la Madagaska, ingawa huota pia katika vinamasi vya bara lenyewe, Uganda na Tanzania zikiwamo, na watoto wachungao ng'ombe huikanyaga bila kuijua. Hii haikupewa na Mungu kambi ya baridi, kwa sababu haikuwa na haja nayo. Akiwa nayo mtu wa Ulaya, hana budi kuiweka ndani, chini ya taa, miezi yote ya giza. Lakini kuna njia ya pili ambayo drosera hii imeingia katika baridi ya Ulaya. Wanakijiji wa kule tangu karne nyingi walichemsha drosera yao ya majani ya mviringo kama dawa ya kikohozi, nacho kikohozi ndicho mgeni wa kwanza wa Novemba. Vinamasi vyao vilipokaushwa kwa mifereji ili viwe mashamba, na udongo wake kukatwa kuwa kuni na mboji ya bustani, drosera ilipungua. Ujerumani sasa hulindwa na sheria, wala hairuhusiwi kuichuma porini. Watengenezaji wa dawa walitazama kwingine, na drosera ya Madagaska ikawa inachumwa, ikakaushwa na kusafirishwa magunia kwa magunia. Hivyo mmea usioweza kuvumilia usiku mmoja wa jalidi umekuwa ukipitisha majira ya baridi ya Wazungu ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Gunia moja la mimea mikavu yenye uzito wa manyoya ni mimea mingapi hai, na kinamasi kilichochumwa hurudi lini, hilo si swali ambalo mnunuzi wa chupa huulizwa dukani. Mtunzaji wa kweli hanunui mmea uliong'olewa porini, hupanda mbegu.

Limesalia swali moja ambalo lilimsumbua hata Darwin mwenyewe. Je, mdudu anausaidia mmea kweli, au ni mchezo tu? Maana drosera isiyopata mdudu haifi, na wapinzani walisema kwamba huishi vema tu bila nyama. Aliyejibu ni mwanawe, Francis. Mwezi wa Juni 1877 alichukua kiasi cha mimea 200 ya drosera akaipanda katika sahani sita za supu zilizojazwa kuvumwani. Kila sahani aliigawa nusu kwa nusu kwa kibao kifupi cha mti. Sahani zote alizifunika kwa chandarua ili mdudu asiingie. Kisha mimea ya upande mmoja aliilisha vipande vidogo sana vya nyama ya kuchoma, kipande kimoja au viwili kwa kila jani, na ya upande wa pili hakuipa kitu. Aliendelea hivyo mpaka mwanzo wa Septemba.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1878 yalikuwa wazi. Mimea iliyolishwa ilitoa mbegu nyingi zaidi ya mara mbili kuliko ile iliyonyimwa, na mbegu zenyewe zilikuwa nzito zaidi. Ila sehemu ya jaribio hilo isiyosimuliwa mara nyingi ni ile ya baridi. Francis aliacha baadhi ya mimea ya pande zote mbili ipitishe majira ya baridi bila kulishwa hata kidogo, ikalala pamoja, ikapata baridi ile ile na maji yale yale. Ilipoamka, aliipima. Ile iliyokula kiangazi ilikuwa nzito kupita wenzake kwa kiasi kikubwa, ingawa tangu vuli hazikutofautiana katika matunzo yoyote. Kumbe nyama ya Julai haikuwa imekwenda katika majani, ambayo yalioza yote mnamo Novemba, wala katika maua na mbegu peke yake. Sehemu ilikuwa imepelekwa kambini. Kwa hiyo yeye ashikwaye na wasiwasi mwezi wa Januari na kutaka kuulisha mmea uliolala amechelewa miezi sita, na kipande chake cha nyama kitaleta ukungu tu.

Mbegu nazo hudai baridi. Ni nyembamba na nyepesi kama vumbi, na zile za drosera ya kaskazini zikipandwa katika joto moja kwa moja hukaa zimenyamaza. Huzisia juu ya udongo wenye unyevu wakati wa vuli, bila kuzifukia, zikaachwa nje na theluji ikiziangukia, ama zikakaa jokofuni wiki kadhaa. Ndipo huota siku zinaporefuka.

Mnamo katikati ya Machi chungu hufukuliwa, matawi ya msonobari huondolewa, na sahani huanza tena kutiwa maji ya mvua. Aliyehifadhi jokofuni hulirudisha tumba juu ya udongo, upande mchongoka juu, akaliweka kwanza mahali pa baridi penye mwanga, kwani lililotoka gizani likipigwa na jua kali mara moja huungua. Kwa wiki kadhaa hapaonekani tofauti. Baadaye tumba hulegea, likavimba, na majani ya kwanza hutoka yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Hayo hayana matone bado, wala hayafai kuguswa. Umande huja kidogo kidogo, majani yanapofunguka na mwanga kuongezeka. Wakati huo wadudu wa kwanza wa Aprili watakuwa wameanza kuruka juu ya maji ya sahani, na nyama ya kuchoma ibaki mezani kwa wenye nyumba.